Msamiati wa kompyuta ya gemu: kumbukumbu na hifadhi, kusasisha na kuboresha

Mtu anayejiundia kompyuta ya kuchezea gemu hanunui mashine nzima. Hununua vipande kimoja kimoja: kichakataji, ubao mama, RAM, kadi ya michoro, diski, kigavi cha umeme, kipoza na kasha la kuvitia vyote. Kila kipande kina masharti yake kwa vingine, na masharti hayo husomwa: kwenye boksi, kwenye ukurasa wa muuzaji, katika mwongozo uliofasiriwa. Neno moja likipotoka, msomaji hurudi dukani na kifaa kisichoingia mahali pake, na si kila duka hupokea kilichokwisha kufunguliwa.

Makala haya yanashughulikia maneno ambayo kuyachanganya kunaleta hasara ya namna hiyo. Yale ambayo tofauti yake ni ya ladha tu hayatajadiliwa kwa urefu. Kichakataji na prosesa, tarakilishi na kompyuta, skrini na kiwambo: mfasiri achague moja na alishikilie kuanzia mwanzo hadi mwisho wa matini yake. Ubao mama nao una kasoro moja ndogo, kwamba wingi wake, mbao mama, humpeleka msomaji kwa seremala kabla ya kumrudisha kwa fundi wa kompyuta. Wanaoandika bodi mama wanakwepa tatizo hilo, na hawastahili kulaumiwa.

Kompyuta ya gemu

Kosa lililoenea kuliko yote limo katika jina lenyewe la mashine. Tafsiri za mitambo hutoa "kompyuta ya michezo ya kubahatisha", na kurasa nyingi za mauzo zimelinakili bila kulitazama mara ya pili. Michezo ya kubahatisha ni kamari: bahati nasibu, kasino, kubashiri matokeo ya mechi. Nchini Tanzania maana hiyo imekwisha kutulia hata katika jina la taasisi ya serikali, yaani Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Anayetangaza kiti, kipanya au kompyuta "ya michezo ya kubahatisha" ametangaza vifaa vya kasino.

"Kompyuta ya michezo" si kosa, ila ni pana mno. Mchezo ni mpira, ni igizo la jukwaani, na kwa Watanzania wengi ni upatu pia. "Kompyuta ya kuchezea gemu", au kwa ufupi "kompyuta ya gemu", haina utata. Gemu limekwisha kuzoeleka katika mazungumzo. Wengi hulitumia kwa upatanisho wa i-/zi- (gemu hii, gemu hizi), ingawa gemu hili na magemu pia husikika.

Kumbukumbu na hifadhi

Hapa ndipo penye madhara makubwa zaidi. Katika Kiswahili cha kawaida kumbukumbu ni kitu kinachodumu. Kumbukumbu za mkutano huandikwa ili mwakani zisomwe tena. Mnara wa kumbukumbu hujengwa ili waliokufa wasisahauliwe. Taifa huwa na idara ya kumbukumbu na nyaraka. Wanaisimu wa kompyuta walipolichukua neno hili kuitia jina RAM, walikiita kumbukumbu kifaa ambacho husahau kila kitu umeme unapokatika. Msomaji wa Kiswahili hana kosa anapofahamu kinyume. Akiambiwa "ongeza kumbukumbu", anafikiria mahali pa kuwekea gemu zake, naye ananunua diski.

Mfano halisi ni masharti ya gemu ya Red Dead Redemption 2 kwa kompyuta. Gemu hiyo hudai RAM isiyopungua GB 8, ikipendekezwa GB 12, na nafasi ya GB 150 kwenye diski. Mfasiri akiandika "kumbukumbu GB 8" na mistari miwili chini yake "kumbukumbu GB 150", msomaji atabaki akijiuliza ipi ni sahihi. Inafaa kuandikwa: "RAM: GB 8 au zaidi. Nafasi ya hifadhi: GB 150."

Na maana haziishii mbili. Kadi ya michoro ina kumbukumbu yake, isiyoweza kuazimwa wala kuongezwa baada ya kununuliwa: RTX 4060, kwa mfano, ina GB 8. Kichakataji nacho kina kache, hazina ndogo ya data iliyo karibu kabisa na viini vyake. Ryzen 7 5800X3D ina kache ya daraja la tatu yenye MB 96, na sifa hiyo ndiyo iliyowavutia wacheza gemu. Neno kumbukumbu peke yake linaweza kusimama badala ya vyote vinne. Pendekezo la ukurasa huu ni hili: RAM iitwe RAM, ya kadi iitwe kumbukumbu ya kadi, kache ibaki kache, na diski za kila aina zipewe neno hifadhi. Mwalimu anayetaka kulitumia kumbukumbu darasani kwa maana ya RAM aseme "kumbukumbu ya muda", naye atakuwa ameeleza tabia ya kifaa pamoja na jina lake.

Kipande kimoja cha RAM huitwa kijiti. Tofauti ya RAM na kijiti ina kazi: "RAM ya GB 16" haisemi kama ni kijiti kimoja cha GB 16 au viwili vya GB 8, na mbao mama nyingi za kompyuta za mezani hupitisha data kwa njia mbili sambamba pale tu zinapokuwa na vijiti viwili. Kwenye gemu tofauti hiyo huonekana. Mwongozo mzuri utasema "jozi ya vijiti vya GB 8".

Kusasisha, kuboresha, kubadilisha

Vitenzi hivi vitatu hutumiwa kana kwamba ni kimoja, hasa kuboresha, ambacho kimekuwa mzigo wa punda. Kusasisha limetokana na sasa: ni kuileta programu katika hali yake ya karibuni, na kifaa hakiguswi. Kubadilisha ni kutoa kipande na kuweka kingine. Kuboresha ni lengo la yote mawili, kwa hiyo halifai kuwa jina la mojawapo katika maelekezo ya hatua kwa hatua.

Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Kampuni ya AMD ilikaa na soketi ya AM4 kwa miaka mingi: vichakataji vya kwanza vya Ryzen vilitoka mwaka 2017 kwa soketi hiyo, na mwaka 2022, mwezi Aprili, Ryzen 7 5800X3D ikatoka kwa soketi ileile. Maana yake kwa mwenye kompyuta ni kubwa. Aliyenunua ubao mama wa B450 pamoja na Ryzen 5 2600 mwaka 2018 anaweza kubakia na ubao wake, RAM yake ya DDR4 na kasha lake, akabadilisha kichakataji peke yake na kupata mashine yenye nguvu nyingine kabisa. Ila kuna sharti. BIOS ya ubao huo, yaani programu ndogo inayouamsha, iliandikwa kabla ya kichakataji kipya kuwapo na haikitambui. Ni lazima isasishwe kwanza, na kwa kawaida husasishwa kichakataji cha zamani kikiwa bado mahali pake.

Sasa na tutazame sentensi hii: "Boresha BIOS na uboreshe kichakataji." Haina kosa la sarufi, lakini imefuta mpangilio. Msomaji anayeona vitenzi viwili vilivyo sawa hana sababu ya kujua kwamba cha kwanza ni sharti la cha pili. Atatoa kichakataji cha zamani, pengine amekwisha kukiuza ili kufidia bei ya kipya, atafunga kipya, na skrini itabaki nyeusi. Baadhi ya mbao mama zina kitufe cha kusasisha BIOS kutoka kwenye diski mweko bila kichakataji, lakini nyingi hazina. Sentensi iliyo salama ni: "Sasisha BIOS kwanza, kichakataji cha zamani kikiwa kimefungwa, ukishahakikisha kompyuta inawaka, zima umeme na ubadilishe kichakataji."

Kuoana

Kwa vipande vinavyokubali kufanya kazi pamoja, maandishi hutumia kulingana, kupatana, kuendana na kutangamana. Kulingana lina hatari ya kusomeka kama kuwa sawa kwa kiasi, na kutangamana limekwisha kuzama katika siasa za mtangamano wa kikanda. Kuoana linafaa zaidi: linataja vitu viwili tofauti vinavyokubaliana, nalo linakanushika vizuri. "Kichakataji hiki na ubao huu havioani."

RAM za DDR4 na DDR5 ni mfano mzuri wa vitu vinavyofanana bila kuoana. Kijiti cha kompyuta ya mezani, cha aina yoyote kati ya hizo mbili, kina pini 288 na urefu uleule, lakini pengo lililokatwa ukingoni haliko mahali pamoja, na umeme wake haupangwi kwa njia moja. Mtu akilazimisha ataharibu kijiti au ubao. Soketi ya AM5, iliyotoka mwaka 2022, inakubali DDR5 tu. Kwa LGA 1700 ya Intel, iliyotoka mwaka 2021, ziko mbao za DDR4 na ziko za DDR5, na aina ya RAM huamuliwa na ubao alionunua mtu. Kwa hiyo kauli "kichakataji hiki kinakubali DDR4 na DDR5", ingawa ni kweli, haimtoshelezi mnunuzi mpaka ubao utajwe.

Kigavi cha umeme

"Usambazaji wa umeme wa wati 650" ni tafsiri ya neno kwa neno, nayo inaleta picha ya nguzo na nyaya za mtaani. Kinachozungumziwa ni kifaa kilichomo ndani ya kasha. Mafundi hukiita pawa saplai au pawa tu. Katika maandishi rasmi kigavi cha umeme kinatosha.

Neno hili huhitajika sana na wale wanaoanza na kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika, kwa kuwa ndiyo njia rahisi kwa mwenye fedha kidogo. Kompyuta kama hizo mara nyingi zina kigavi kidogo chenye plagi za kiwanda chake mwenyewe, kisichobadilishika kwa urahisi. Nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 kwa kiwango cha juu. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ilipangiwa kuishi ndani ya wati hizo. RTX 3060 hutaka wati 170 na kebo ya ziada kutoka kwenye kigavi. Mwongozo unaosema tu "weka kadi bora zaidi" haujamsaidia mtu huyo. Tena, baadhi ya vigavi vya zamani vina swichi ndogo nyuma yenye tarakimu 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani, ambako umeme ni volti 120, ikiwa na swichi kwenye 115 na ikachomekwa Dar es Salaam au Mombasa, kigavi huungua papo hapo. Mfasiri asifupishe sentensi hiyo kwa namna yoyote.

Kupoza na kupooza

Irabu moja tu. Kupoza ni kukifanya kitu kipoe. Aliyepooza amepoteza uwezo wa viungo vyake. "Mfumo wa kupooza kichakataji" unaahidi jambo ambalo hakuna mnunuzi angelitaka. Feni ni sehemu tu ya kipoza, kwa hiyo maneno hayo mawili yasibadilishane nafasi: kipoza hujumuisha pia bamba la chuma linalokaa juu ya kichakataji.

Kikwazo

"Shingo ya chupa" haimwambii chochote asiyejua lilikotoka. Kinachokusudiwa ni kipande kinachowachelewesha wenzake, na kikwazo au kinachobana ni maneno tosha: "Katika gemu hii kinachobana ni kichakataji." Jambo lenyewe hupimika nyumbani. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli zipatazo milioni 2. Ya 3840 kwa 2160 ina mara 4 ya hizo, na mzigo wa ziada huiangukia zaidi kadi ya michoro. Mchezaji akipunguza pikseli na idadi ya fremu kwa sekunde isipande, basi kadi haikuwa kikwazo, na fedha aliyoiweka kwa ajili ya kadi mpya ingepotea. Gemu moja hubanwa na kadi, nyingine na kichakataji, kwenye mashine ileile. Kwa sababu hiyo ni afadhali kuandika "kikwazo katika gemu hii" kuliko "kikwazo cha kompyuta hii".

Vipimo

Kipimo hutangulia tarakimu: GB 16, wati 650, hezi 144, kama isemwavyo kilo 2 na shilingi 500. Mtindo wa "16GB" umeenea kwa kunakiliwa kutoka kwenye maboksi, na katika jedwali la bidhaa hauna ubaya. Katika sentensi, hata hivyo, upatanisho hufuata kifaa na si kipimo: "RAM ya GB 16 imefungwa", "kigavi cha wati 650 kimefungwa".