Hii Joto Ina Historia, na Haikuanzia kwa Jiko ya Shosho

Wasee, leo tuongee historia kidogo. Najua ukisikia hilo neno unakumbuka tarehe za kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Lakini hii historia inaingia kwa nyumba bila kubisha, ikiwa maji ya matope hadi kwa godoro.

Kila mvua ikizidi ama ikikosa kabisa, tunaambiwa vitu viwili. Kwanza, ni mapenzi ya Mungu. Pili, "sisi sote" tumeharibu mazingira, kwa hivyo shosho aache makaa na wewe upande mti upige picha. Miti sina shida nayo. Shida yangu ni hiyo "sisi sote". Mimi niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, sina digrii ya kuwaonyesha. Lakini hizi rekodi haziko chini ya kufuli, mtu yeyote mwenye bando anazisoma. Na ukizifuata mwaka kwa mwaka, unaona kuna watu walijua, tena mapema sana.

Tuanze 1856, Marekani. Mama mmoja anaitwa Eunice Foote alichukua mirija ya glasi, akaweka hewa tofauti tofauti ndani, akatia vipimajoto, akaiacha kwa jua. Mrija wenye kaboni dioksidi ndio ulipata moto zaidi, na hata ukitolewa juani ulichukua muda mrefu kupoa. Akaandika kwamba kama anga ingekuwa na hiyo gesi kwa wingi, dunia ingekuwa na joto zaidi. Mkutano wa wanasayansi ulipofika, kazi yake ilisomwa na mwanaume. Halafu ikasahaulika kwa zaidi ya miaka 150. Miaka mitatu baada yake, John Tyndall huko London alipima gesi hizo kwa mitambo bora, na sifa zikamwendea yeye.

Kwa kifupi, mambo ni hivi. Mwangaza wa jua unapita kwa anga, unapasha ardhi moto, na ardhi inarudisha hilo joto juu. Gesi kama kaboni dioksidi na metheni hushika sehemu ya joto kabla halijatoroka. Ni kama blanketi. Bila hiyo blanketi tungekuwa barafu tupu, kwa hivyo yenyewe si mbaya. Ngori inaanza ukizidi kuongeza blanketi juu ya blanketi na mtu bado amelala ndani.

Na nani alianza kuziongeza? Uingereza, karne ya 18, injini za mvuke na makaa ya mawe. Baadaye Ulaya yote na Marekani, kisha mafuta, kisha gesi. Hayo makaa ni mimea iliyozikwa mamilioni ya miaka. Ukiichoma, kaboni ya mamilioni ya miaka inarudi hewani ndani ya karne mbili tu.

Mwaka wa 1896, Svante Arrhenius, msomi wa Sweden, alikaa chini akapiga hesabu kwa mkono. Akapata kwamba kaboni dioksidi ikiongezeka mara mbili, joto la dunia litapanda kwa nyuzi 5 hivi. Sasa weka hapo kidole uangalie kwetu. Mwaka huo huo wa 1896, Waingereza walikuwa wanaanza kulaza reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria. Mwaka wa 1899 reli ikafika kwa uwanda wenye kinamasi ambao Wamaasai waliita mahali pa maji baridi. Wakapiga kambi, na hiyo kambi ndiyo Nairobi. Manze, sayansi ya hii joto ina miaka mingi kuliko jiji letu!

Tena mwaka huo wa 1899, Mwingereza Halford Mackinder alipanda hadi kilele cha Mlima Kenya. Kulikuwa na mito ya barafu 18 huko juu. Mingi imeisha. Ule mkubwa zaidi, Lewis, ulipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Hiyo barafu haikuyeyushwa na jiko ya mtu wa Karatina.

Rudi kwa rekodi. Mwaka wa 1938, injinia Mwingereza, Guy Callendar, alikusanya vipimo vya vituo 147 vya hali ya hewa akaonyesha dunia tayari imeanza kupata joto. Wengi walimpuuza. Mwaka wa 1958, Charles Keeling akaanza kupima kaboni dioksidi juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Alipata kama sehemu 315 kwa kila milioni ya hewa. Kabla ya viwanda ilikuwa kama 280. Leo imepita 420.

Sasa ndio tunafika mahali panapouma. Mwaka wa 1977, mwanasayansi wa kampuni ya mafuta ya Exxon, James Black, aliwaambia wakubwa wake wazi kwamba kuchoma mafuta kunabadilisha hali ya hewa. Wataalamu wa kampuni walitengeneza makadirio yao, na yakaja kuwa sahihi ajabu. Basi wazito walifanya nini? Kwa miaka mingi, kampuni hiyo na wenzake walilipia matangazo na vikundi vya kuambia watu kwamba sayansi bado haijaeleweka vizuri. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000, BP ndiyo ilisukuma kwa matangazo ile hesabu ya kila mtu apime kaboni yake binafsi. Umeona mchezo? Anayeuza mafuta anakuuliza wewe umewasha taa ngapi.

Mwaka wa 1988 James Hansen wa NASA aliketi mbele ya Seneti ya Marekani akasema joto limeshaanza. Mwaka huo huo likaundwa jopo la wanasayansi la IPCC, na moja ya mashirika mawili yaliyoliunda ni UNEP, ambalo makao yake yako hapa Gigiri. Kwa hivyo baada ya 1988 hakuna serikali inaweza kusema haikuambiwa. Lakini zaidi ya nusu ya kaboni dioksidi yote iliyowahi kutoka kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi imetolewa baada ya hapo. Ilitolewa watu wakijua.

Katika hesabu yote tangu mwanzo, Marekani peke yake ina kama robo. Afrika nzima, na watu wetu zaidi ya bilioni, ina kama asilimia 3.

Sisi tumepata nini kwa hiyo asilimia 3? Kutoka mwisho wa 2020, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo kwa Pembe ya Afrika. Kenya peke yake ilipoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Kama umelelewa Nairobi unaweza kusoma hiyo namba ukapita. Lakini kwa familia ya Marsabit ama Turkana, ng'ombe ndiye akaunti ya benki, karo na mahari. Wanasayansi walipima wakapata kwamba mabadiliko ya tabianchi yalifanya ukame wa aina hiyo uwezekane angalau mara 100 zaidi.

Halafu 2024 ikaleta kinyume chake. Mafuriko yaliua karibu watu 300 nchini. Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamejaa nyuma ya tuta la reli yalipasua usiku wa Aprili 29 yakabeba watu wakiwa wamelala. Mathare, watu walipoteza nyumba kwa mto, na waliobaki wakabomolewa na tingatinga za serikali.

Hapa tuwe wakweli, tusisukumie Exxon kila kitu. Anga ilileta mvua, lakini ramani ndiyo ilichagua nani aloe. Mkoloni alipopanga Nairobi alijipa upande wa magharibi, juu, penye miti. Mwafrika akapelekwa mashariki, chini, mahali mito inaelekea. Uhuru ulikuja 1963, lakini hiyo ramani bado inafanya kazi. Mwenye doo akijenga juu ya mto anapewa kibali, maskini akijenga kando ya mto anaitwa mvamizi.

Sasa mtaniuliza, hata kama, tufanye nini? Hiyo pia iko kwa historia.

Mwaka wa 1974 wanasayansi walionya kuhusu gesi za friji na za kupulizia zinazoharibu tabaka la ozoni. Kampuni zilibisha. Mwaka wa 1987 nchi zikasaini mkataba wa Montreal, gesi hizo zikapigwa marufuku hatua kwa hatua, na leo ozoni inapona. Haikutokea kwa kuambia kila mtu apunguze friji yake. Sheria ilibana mwenye kiwanda.

Hapa kwetu, Olkaria ilianza kutoa umeme wa mvuke wa ardhini 1981, na leo umeme wetu mwingi sana unatoka kwa mvuke, maji, upepo na jua. Mwaka wa 1989 Wangari Maathai alisimama na kukataa jengo la ghorofa 60 pale Uhuru Park. Alitukanwa hadi bungeni, lakini halikujengwa. Na watu wa Lamu walipoletewa mradi wa kuchoma makaa ya mawe, walienda kwa mahakama ya mazingira, na Juni 2019 kibali kikafutwa. Hao ni wavuvi na akina mama wa kisiwani, si mabilionea.

Kwa hivyo ndiyo, panda mti. Lakini pia uliza mjumbe wa kaunti yako mitaro ilipewa pesa ngapi na zimeenda wapi. Uliza kwa nini ule mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Misri 2022 unajazwa pole pole hivi, na usikubali ukiitwa msaada. Mtu akikuchomea nyumba halafu akanunua mabati, hajakusaidia. Amelipa, tena nusu.

Na usiwahi tena kubali shosho alaumiwe. Makaa yake yana madhara kwa msitu na kwa kifua chake, na anastahili kupata gesi ya bei anayoweza. Lakini kwa hii kesi, yeye ni shahidi. Muulize mvua ilikuwa inanyesha lini akiwa msichana, halafu uniandikie kwa komenti alichosema. Nataka kuzisoma zote.