Karatasi za buluu za Mto Thames

Mchana wa mvua au wa jua kali, Willem van de Velde alimwita mpiga makasia wake ampeleke katikati ya Mto Thames, Uingereza. Alibeba karatasi kubwa za buluu, akazijaza alama nyeusi na nyeupe: nyeusi kwa kivuli cha mawingu, nyeupe kwa mwanga wake. Kazi yake iliyompa jina ilikuwa kuchora merikebu, lakini siku hizo alifuata anga. Habari hizi zilihifadhiwa na mwandishi Mwingereza William Gilpin, na zilitoka kwa mzee mmoja wa mtoni ambaye ndiye aliyekuwa akimpeleka.

Van de Velde alizaliwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1633. Baba yake, aliyeitwa pia Willem, alizijua merikebu kuanzia mkuku hadi ncha ya mlingoti. Vita vilipozuka baharini, mzee huyo aliingia katika chombo kidogo cha tanga, akasogea karibu na mizinga na kuchora alichokiona. Katika picha yake ya vita vya Terheide vya mwaka 1653 amejichora mwenyewe, ameketi chomboni na karatasi zake. Mwaka 1666, Waholanzi na Waingereza walipopigana siku nne mfululizo, alikuwapo tena.

Baba aliandika umbo la chombo. Mwana alitaka zaidi ya hapo.

Kwa mchoraji Simon de Vlieger, kijana alijifunza kutazama mwanga, unyevu wa hewa na mwendo wa maji. Ndiyo maana katika picha zake za shwari matanga yananing'inia yakikauka, na kivuli cha omo kinalala juu ya maji bila kukatika. Upepo ukivuma, kila kitu hubadilika pamoja: wingu huwa zito, wimbi hupasuka, chombo hulala ubavu. Picha yake ya dhoruba ya takriban mwaka 1680, iliyoko Rijksmuseum, Amsterdam, inamwonyesha mtazamaji upepo unatoka upande gani kabla hajaanza kuhesabu milingoti.

Majira ya baridi ya 1672 hadi 1673, baba na mwana walihamia Uingereza. Mwaka 1674 Mfalme Charles wa Pili aliwapangia pauni 100 kila mmoja kwa mwaka: baba kwa kuchora vita vya baharini, mwana kwa kuitia rangi michoro hiyo. Walipewa mahali pa kufanyia kazi katika jumba la Queen's House, Greenwich.

Athari ya mwana haikuishia katika zama zake. Mwaka 1801, mchoraji Mwingereza J. M. W. Turner alionyesha picha ya mashua za Kiholanzi katika dhoruba. Duke wa Bridgewater alikuwa amemwagiza aichore itundikwe sambamba na picha ya Van de Velde aliyokuwa nayo. Michoro ya baba na mwana, zaidi ya elfu moja, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya bahari palepale Greenwich, na wanahistoria bado huitumia kutambua merikebu moja moja kwa nakshi za tezi zake.