Poti ya Siria: Jina Moja, Volti Mbalimbali

Namna ya kuunganisha kompyuta na kifaa cha elektroniki bila kukiunguza huonekana kuwa swali la mafundi tu. Insha hii inadai kuwa ni swali la historia pia. Poti ya siria, yaani ile inayopitisha biti moja baada ya nyingine, imebaki na jina lake ilhali umeme wake umebadilika.

Mwaka 1960, chama cha viwanda vya elektroniki cha Marekani kilitoa kiwango cha RS-232 kwa ajili ya kuunganisha teleprinta na modemu. Katika toleo la 1969, biti ya 1 iliwakilishwa na volti kati ya -3 na -15, na biti ya 0 na volti kati ya +3 na +15. Tofauti hiyo kubwa ilisaidia ishara kuvuka kebo ndefu bila kuvurugwa. Kompyuta binafsi ya IBM, iliyotoka mwaka 1981, ilifuata kiwango hichohicho.

Ndani ya vifaa, hata hivyo, chipu nyingi zilitumia volti 5 bila volti hasi. Hivyo ilihitajika chipu ya kupatanisha pande mbili. MAX232, iliyotolewa na kampuni ya Maxim mwaka 1987, ilizalisha volti chanya na hasi kutokana na volti 5 pekee, kwa msaada wa kapasita chache. Baadaye chipu zilishuka hadi volti 3.3, na watengenezaji wa ruta na bodi ndogo wakaacha kuweka mpatanishi huyo. Wakabakiza pini tupu. Hapo ndipo hatari ilipo. Pini za Raspberry Pi, kwa mfano, hazivumilii hata volti 5, sembuse 12 za kompyuta ya zamani.

Kwa hiyo, kabla ya kuunganisha, pima volti za pini kwa multimita, kisha chagua kigeuzi cha USB chenye volti hizohizo. Unganisha kwanza waya wa ardhi. Halafu pini ya kutuma iende kwenye ya kupokea, na ya kupokea kwenye ya kutuma. Ikiwa kifaa kina umeme wake, waya wa umeme wa kigeuzi uachwe.

Ukikosea kupishanisha waya za kutuma na kupokea, kwa kawaida utakosa maandishi kwenye skrini tu, na utarekebisha. Ukikosea volti, chipu iliyoungua hairudi.