Bahati, Nasibu na Uwezekano: Hesabu za Bao katika Historia ya Istilahi

1. Utangulizi

Jumamosi ni siku ya soko huko Tengeru, mashariki ya mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru. Kando ya soko, mbali kidogo na makelele ya wauza ndizi, wazee wawili walikuwa wakicheza bao. Mmoja wao alichota kete katika shimo moja, akazungusha, akala, akazungusha tena, hata safu ya mbele ya mwenzake ikabaki tupu. Kijana aliyesimama karibu nami akasema, "Babu ana bahati leo." Mzee hakuinua uso. Alijibu, "Bao halina bahati, mjukuu wangu. Bahati kaitafute kwenye karata."

Nilikuwa nimefika Arusha kwa kazi nyingine. Mji huo ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa sababu hiyo wafasiri hawakosekani. Mkobani nilikuwa na orodha ya istilahi za takwimu ambazo nilitakiwa kuzijadili nao. Katika orodha hiyo dhana moja ilikuwa imetushinda kwa siku kadhaa: kipimo cha jinsi jambo linavyotarajiwa kutokea, kipimo ambacho wanahisabati hukiandika kwa namba kuanzia 0 hadi 1. Maneno matatu yalikuwa yamependekezwa, nayo ni bahati, nasibu na uwezekano. Kila moja lilikuwa na watetezi wake. Jibu la mzee wa Tengeru lilinirudisha kwenye orodha ile usiku uleule.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo matatu si visawe, na kwamba historia ya hesabu za michezo, pamoja na bao letu wenyewe, inatupa njia ya kuyatenganisha.

2. Maneno ya michezo na asili yake

Msamiati wa michezo katika Kiswahili ni kumbukumbu ya safari za watu. Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498 na kuishikilia Mombasa hadi Ngome ya Yesu ilipotekwa mwaka 1698, walituachia dado, karata, turufu na shupaza. Kutoka Kiarabu tulipata kamari, na kwa njia hiyohiyo tukapata sataranji, neno ambalo asili yake ya mbali ni Uajemi na Bara Hindi. Bao lenyewe halikukopwa. Ni ubao uliokuzwa.

Hata hivyo neno bao lina mzigo wa maana. Kuna bao la mchezo, na kuna bao la mpira. Kuna pia bao la mganga, kwa kuwa kupiga bao ni kupiga ramli, na ramli ni neno la Kiarabu lenye maana ya mchanga. Basi neno lilelile linataja mchezo wa hesabu tupu na kazi ya kutafuta siri za yajayo. Utata huu si mdogo kwa mwanaistilahi, maana ndio uliomkwaza yule kijana wa Tengeru: alipoona mambo yamemwendea mzee vizuri, alidhani kuna nguvu iliyofichika.

Sasa tuyatazame maneno yetu matatu. Bahati ni jambo linalomfikia mtu. Ni njema au mbaya, na ina mwenyewe. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba bahati haina kwao, yaani humtembelea huyu leo na yule kesho. Nasibu asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni fungu au sehemu aliyopangiwa mtu. Maneno hayo mawili tumeyaunganisha katika bahati nasibu. Uwezekano ni zao la kitenzi chetu weza. Hauna mwenyewe, wala si mwema wala mbaya. Ni hali ya jambo kuweza kuwa.

3. Mgawanyo wa dau, 1654

Hisabati ya uwezekano ilizaliwa mezani pa wacheza kamari. Girolamo Cardano, tabibu na mwanahisabati wa Italia aliyefariki mwaka 1576, aliandika kitabu juu ya michezo ya dado, lakini kilichapwa mwaka 1663, miaka mingi baada ya kifo chake. Hatua kubwa ilipigwa mwaka 1654, pale Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, walipoandikiana barua juu ya swali hili: wachezaji wawili wameweka dau, mchezo umekatizwa kabla ya kwisha, je, dau ligawanywe vipi?

Katika barua yake ya tarehe 29 Julai 1654, Pascal alichukua mfano wa watu wawili waliotoa sarafu 32 kila mmoja, jumla sarafu 64. Ni sadfa njema kwamba hizo ndizo hesabu za kete za bao. Kwa hiyo tunaweza kuuhamishia mfano huo barazani kwetu bila kubadili namba. Tuseme Juma na Lemayani wanacheza mabao, na atakayetangulia kushinda mara tatu atachukua kete zote 64. Uwezo wao ni sawa. Juma ameshinda mara mbili, Lemayani mara moja, kisha mvua ikanyesha na mchezo ukavunjika.

Wengi wetu tungesema kwamba Juma apewe sehemu mbili na Lemayani sehemu moja, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyoshinda. Pascal alifikiri kwa njia nyingine. Kama bao moja zaidi lingechezwa na Juma akashinda, angechukua 64. Kama angeshindwa, wangekuwa wamelingana, na kila mmoja angestahili 32. Basi kete 32 ni za Juma kwa vyovyote vile. Zilizobaki 32 zinategemea bao moja ambalo kila mmoja aweza kulishinda sawasawa. Kwa hiyo zigawanywe nusu kwa nusu. Juma apate 48, na Lemayani apate 16.

Msomaji atambue kilichobadilika hapa. Pascal hakuuliza nani ana bahati. Hakuuliza hata nani ameshinda zaidi hapo nyuma. Aliyahesabu yale ambayo bado yaweza kutokea, akayapa kila moja uzito wake. Mwaka 1657 Mholanzi Christiaan Huygens alizieneza hesabu za namna hiyo katika kitabu, na mwaka 1713, miaka minane baada ya Jakob Bernoulli wa Uswisi kufariki, kikachapwa kitabu chake kilichothibitisha kwamba kadiri majaribio yanavyoongezwa, ndivyo sehemu ya matokeo inavyotarajiwa kuukaribia uwezekano wake wa kweli.

Hesabu hizo ndizo zinazomfichua mcheza kamari. Mtoto achezaye ludo ambaye ametupa dado mara kumi bila kupata sita huamini kwamba sasa sita "inamdai" kuja. Kutopata sita katika mitupo kumi hutokea takriban mara 16 katika kila michezo 100, wala si ajabu kubwa. Mtupo wa kumi na moja una uwezekano uleule wa moja kwa sita, kwa maana dado halikumbuki.

4. Mchezo usio na dado

Lakini bao halina dado. Je, uwezekano unaingiaje humo?

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne. Mchezo unapoanza, kila mchezaji ana kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika nyumba, na kete 22 mkononi. Katika hatua ya namua wachezaji huingiza kete moja moja kwa zamu. Zikiisha mkononi huja hatua ya mtaji. Wasemaji wa Kimaa nao wana mchezo wa jamaa hiyo uitwao enkeshui, ambao aghalabu una safu mbili. Katika yote hayo hakuna kilichofichwa. Kila kete iko wazi mbele ya macho manne.

Mwaka 1913 Mjerumani Ernst Zermelo alionyesha, kwa kutumia sataranji, kwamba katika mchezo wa namna hiyo wenye mwisho, kila hali ya ubao tayari imeamuliwa: ama upande mmoja waweza kulazimisha ushindi, ama kila upande waweza kuepa kushindwa. Mchezo wa awari wa Afrika Magharibi, wenye mashimo 12 na mbegu 48, ulimalizwa kabisa mwaka 2002, pale John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walipotumia kompyuta kupitia hali zaidi ya bilioni 889. Ikaonekana kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare.

Basi mzee alisema kweli: bao halina bahati. Lakini mwanadamu si kompyuta ya Amsterdam. Hata kama kila zamu ingekuwa na njia tano tu, zamu kumi zingezaa njia 9,765,625, na katika bao mkono mmoja waweza kuzunguka ubao mara kadhaa kabla ya kulala. Alexander de Voogt, Mholanzi aliyewachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar na kuchapisha kitabu juu ya umahiri wao mwaka 1995, alishughulikia jambo hilohilo: mipaka ya akili ya mtu katika kuyaona yajayo ubaoni.

Nilimwamkia yule mzee nikamwuliza kama huhesabu njia zote. Alicheka. "Zote azijue nani? Natazama zile ambazo mara nyingi huishia kwangu." Kwa maneno hayo alikuwa ameitaja hisabati ya uwezekano bila kutumia istilahi hata moja. Uwezekano hapa haumo ndani ya kete. Umo katika pengo lililoko kati ya yale ambayo ubao umekwisha kuyaamua na yale ambayo mchezaji anaweza kuyajua.

5. Kujaribu mara nyingi

Alichokifanya mzee kwa uzoefu, wanasayansi walikigeuza kuwa mbinu. Mwaka 1946 Stanislaw Ulam, mwanahisabati mzaliwa wa Poland aliyehamia Marekani, alikuwa akijiuguza na kujipumbaza kwa karata za mchezaji mmoja. Alijiuliza ni mara ngapi karata zile hufaulu kupangika. Hesabu ilipomshinda, aliona kuna njia nyepesi: chezesha mara mia, kisha uhesabu zilizofaulu. Mbinu hiyo ikapewa jina la Monte Carlo, mji wa Monaco uliojulikana kwa kamari.

Katika bao tungefanya hivi. Kwa kila mkono ambao mchezaji aweza kuucheza, kompyuta huumaliza mchezo mara nyingi kwa kuchagua mikono ya mbele bila upendeleo, kisha huhesabu ushindi. Mkono wenye sehemu kubwa ya ushindi ndio unaofaa zaidi kuchezwa. Mwaka 2006 Mfaransa Rémi Coulom aliiunganisha njia hii na utafutaji wa matawi ya mchezo, na mwaka 2016 programu ya AlphaGo, iliyotumia utafutaji wa namna hiyo pamoja na kujifunza kutokana na mifano, ilimshinda bingwa wa mchezo wa go, Lee Sedol wa Korea Kusini, kwa michezo minne kwa mmoja.

Tahadhari ni lazima. Mkono mmoja ukishinda mara 55 katika 100, na mwingine mara 45, tusiharakishe kusema wa kwanza ni bora. Tofauti ya kiasi hicho yaweza kuletwa na nasibu tupu. Ikiwa sehemu hizo zitabaki hivyo katika majaribio 10,000 kwa kila mkono, hapo shaka itakuwa imeondoka.

6. Mapendekezo

Kutokana na historia hiyo, maneno yetu matatu yanaweza kugawiwa kazi zake. Bahati ibaki kwa watu na methali. Isiingizwe katika vitabu vya hisabati. Nasibu itaje namna ya kuchagua au kutokea bila upendeleo wala mpango. Hivyo mbinu ya Ulam yaweza kuitwa majaribio ya nasibu. Uwezekano utaje kipimo chenye namba.

Ipo hoja dhidi ya neno la tatu, nayo ni nzito. Katika mazungumzo, kusema kwamba jambo lina uwezekano ni kusema tu kwamba laweza kutokea. Ili kuepa utata huo, mwandishi wa kitaalamu aambatishe kiasi kila mara: uwezekano mdogo, mkubwa, au wa 0.75 kama ule wa Juma kulitwaa dau. Jambo lisilopimwa liitwe jambo liwezekanalo.

Hili si suala la vitabu tu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari zenye vipengele viwili, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Mkulima wa miteremko ya Meru akilisoma neno hilo kana kwamba ni bahati, mvua ikimkosa atasema wataalamu wamedanganya, na safari nyingine hatawasikiliza. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Katika kesi ya madai hakimu hupima ni maelezo ya upande gani yenye uwezekano mkubwa zaidi kuwa kweli. Mfasiri akiandika "yanawezekana" mahali pa "yana uwezekano mkubwa zaidi", mtu aweza kupoteza shamba kwa neno hilo.

7. Hitimisho

Kwa karne tatu na nusu hesabu za michezo zimekuwa zikimtoa mwanadamu katika kuuliza nani amependelewa, zikimwingiza katika kuuliza ni mangapi yaweza kutokea na kwa kiasi gani. Istilahi zetu zinapaswa kumsaidia msomaji kuvuka hivyohivyo. Jumatatu, wafasiri tulipokutana, niliwaeleza habari za bao la Tengeru. Tulibishana hadi saa sita mchana, kisha neno bahati likafutwa katika orodha.