Udongo Nao Una Isnadi: Wakazi wa Kale wa Mwambao wa Ziwa Victoria

Historia ya Mwanza iliyomo vitabuni ni fupi. Wengi huianzia mwaka 1858, John Hanning Speke alipoliona Ziwa, naye alifika kwa habari alizopewa na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora. Je, kabla ya hapo mwambao huu haukuwa na watu? Qur'ani Tukufu, katika Surat Ar-Rum, imetuelekeza kutembea katika ardhi na kuzingatia mwisho wa waliotutangulia, walioilima na kuistawisha. Watu wa kale wa hapa hawakuacha maandishi. Shahidi wao ni udongo.

Mwanafunzi wa Hadithi anajua kwamba matini haipokewi mpaka isnadi yake ichunguzwe. Elimu ya ardhi ina kanuni inayofanana na hiyo. Kigae cha chungu ni mfano wa matini, na tabaka la udongo lililokifunika ni mfano wa isnadi. Tabaka la chini limelitangulia la juu, madhali hapakufukuliwa. Lakini mchwa, mizizi na panya huchanganya matabaka, na hapo isnadi huingia illa iliyofichika. Kwa hiyo mtaalamu hutazama kwanza rangi ya udongo, chembe zake na majivu yaliyomo, ndipo ahukumu.

Ziwa lenyewe lina habari yake. Mwaka 1996 watafiti walichapisha matokeo ya kupima sakafu ya Ziwa kwa mawimbi ya sauti na kutoa tope lake kwa mabomba marefu. Chini ya tope walikuta udongo mgumu wenye alama za mizizi ya majani. Majani ya nchi kavu hayaoti kwenye kina cha maji. Maana yake Ziwa lilikauka, kisha likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Basi mtu asitazamie kuwakuta wavuvi wa zama zile za ukame kwenye mwambao huu, kwani haukuwapo.

Maji yaliporudi, watu walifuata. Soper na Golden, waliochapisha uchunguzi wao wa Mkoa wa Mwanza mwaka 1969, walichimba chini ya majabali ya Nyang'oma na kupata vigae vyenye nakshi vya aina iitwayo Kansyore, jina la kisiwa kilichomo katika Mto Kagera. Wenyewe waliishi kwa kuvua, kuwinda na kuchuma vya porini.

Upande wa magharibi, huko Katuruka na Kemondo, Peter Schmidt alifuata simulizi za wazee wa Kihaya, kisha akachimba. Akakuta mabaki ya matanuri ya chuma, ambayo mkaa wake ulipopimwa kwa kaboni ulionesha ufundi wa takriban miaka 2,000. Hata hivyo, mkaa wa mti mkongwe hutoa umri wa mti, si wa moto. Ndiyo maana sampuli moja haitoshi, kama vile kadhi asivyotosheka na shahidi mmoja pale sheria inapotaka wawili.

Hesabu hizi zisimtie muumini wasiwasi. Qur'ani haikutaja idadi ya miaka tangu kuumbwa ardhi, na wataalamu wenyewe hurekebisha kauli zao inapopatikana dalili yenye nguvu zaidi.

Jambo la kuhuzunisha ni kuwa majabali ya Mwanza yanapasuliwa kokoto, na misingi ya nyumba, misikiti na madrasa inachimbwa kila siku. Kigae kilichookotwa na kuwekwa kabatini kimekwisha katikiwa isnadi yake. Hakuna awezaye kuirudisha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu hivi, lakini sheria haifiki kila shimo. Imamu na kamati ya msikiti hufika. Wakikutana na vigae vingi, mavi ya chuma au mifupa, wasimamishe jembe mahali hapo, waache kila kitu kilipo, na waitaarifu serikali ya mtaa ili wataalamu waitwe. Ushahidi ni amana, na kuuharibu kwa kutojua hakuurudishi.

Wallahu a'lam.