Mjomba asiye mjomba (sehemu ya 6)

Mama zangu wa Michenga, na akina baba mnaosoma kwenye simu za wake zenu, nawajua. Niliwaahidi Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel. Leo ni zamu yake.

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta ana miaka 15, na kilichofuata kwa familia zenye asili ya Uarabuni kama yake kilikuwa hofu. Alipofika miaka 18 akakimbilia Uingereza. Hebu fikiria mwanao, baridi ile, hela hana, kurudi hawezi. Alirudi kwa mara ya kwanza mwaka 1984, akamuwahi baba yake muda mfupi kabla hajafariki.

Kukumbuka nyumbani ndiko kulikomfanya ashike kalamu. Riwaya ya kwanza ilitoka 1987. Ya pili, Pilgrims Way, inamhusu kijana Mtanzania aliye mhudumu wa hospitali huko Uingereza (sisi wa wodini tunaijua kazi hiyo na dharau zake). Alifundisha fasihi Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu. Nobel ikaja Oktoba 2021.

Ila mimi nataka tuongelee Paradise, ya mwaka 1994. Ida Hadjivayanis ameitafsiri, inaitwa Peponi, Mkuki na Nyota wameichapa.

Yusuf ana miaka 12. Baba yake anadaiwa na tajiri mmoja, Aziz, ambaye mtoto anamwita mjomba. Siku moja anaambiwa atasafiri na mjomba. Jamani, mtoto anafurahia treni! Anafika dukani kwa tajiri, anamkuta kijana mwingine, Khalil, na huyo ndiye anamfumbua macho: yule si mjomba wako. Kumbe amewekwa rehani. Na hayo Gurnah hakuyatoa hewani. Enzi hizo, njaa ikizidi au deni likishindikana, watoto waliwekwa rehani kweli katika nchi hii.

Kwenye Afterlives, ya 2020, anarudi palepale. Enzi za Wajerumani, binti mdogo Afiya analelewa na watu anaowaita mjomba na shangazi. Kaka yake amemfundisha kusoma na kuandika. Yule mwanaume akigundua anampiga mpaka anamvunja mkono. Mkono wa mtoto, kisa herufi. Kinachomwokoa ni kikaratasi alichoandika mwenyewe kuomba msaada, kikafika kwa rafiki wa kaka yake.

Sasa nyie. Kliniki huwa nawauliza, wa kwanza yuko wapi? "Yuko Dar, kwa mjomba wake." Mjomba yupi? Kimya, mama anapangusa mtoto mdomo ambao wala si mchafu.

Wiki ijayo nitauliza tena. Na nitaongeza: mara ya mwisho umeisikia sauti yake lini, na simu alikuwa ameishika nani?