Polisi Kliniki, Watu Nyumbani
Tarehe 24 Februari 2014 Rais Museveni alitia saini sheria dhidi ya ushoga, Uganda. Haikupita hata miezi miwili: 3 Aprili polisi walivamia kliniki ya ukimwi ya mradi wa Makerere na Walter Reed, Kampala, wakamkamata mfanyakazi. Huduma ikasimama kwa muda. Mahakama ilifuta sheria hiyo 1 Agosti, lakini wengine walishakimbilia Kenya, hadi Kakuma. Mwaka 2023 ikaja nyingine, kali zaidi.

Sasa fikirini. Anayemeza ARV vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo haambukizi kwa ngono. Anayeogopa foleni huacha dawa, na virusi huongezeka. Kwa hiyo ndugu zangu, na nyinyi wahudumu, tukimnyooshea mtu kidole pale dirisha la dawa, tunafanya kazi ileile ya wale polisi.